Tusiulize nani alilipa nauli, tuulize nani anafaidika

Kila mwanamke anayefanya biashara ya mpakani analijua swali hili. Basi limesimama, mizigo imeshushwa, vitambulisho vimekusanywa. Mwanamume mwenye marobota ya nguo anaulizwa kama amelipa ushuru. Msichana aliyekaa kiti cha nyuma yake anaulizwa anakwenda kwa nani, na nani amemlipia nauli. Akijibu kwamba amelipiwa na rafiki, au na mama mmoja wa sokoni aliyemwagiza bidhaa, nyuso zinabadilika. Tayari ameshahukumiwa kabla ya kufungua begi.

Sisemi kwamba maofisa wa mpakani wanauliza bure. Wasichana wanauzwa, na wengi wanapitia Busia, Malaba, Mutukula na Katuna wakiwa na hati halali mkononi. Hoja yangu ni kwamba swali la nauli ni swali bovu. Lina umri wa zaidi ya miaka 100, limewahi kupelekwa mahakamani, likamfunga mtu mmoja mashuhuri huku wenye madanguro wakienda zao na fedha zao. Nafundisha historia hapa Kampala, na kesi hiyo naiona kuwa somo kubwa kwetu sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka. Naomba msomaji anivumilie niieleze.

Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya Ulaya na Marekani ilikuwa ikipanuka haraka. Reli na meli zilirahisisha safari, na wasichana wa vijijini walikwenda mijini kutafuta kazi. Baadhi yao walipokelewa stesheni na watu wenye maneno matamu, wakaahidiwa kazi za ndani au za dukani, wakajikuta madanguroni. Huko walidaiwa fedha za chakula, nguo na chumba, deni lisilokwisha. Huo ndio ukuwadi: kumtafuta mwanamke, kumlaghai au kumlazimisha, kisha kula jasho lake.

Mataifa yalishtuka. Mwaka 1904 yalifikia makubaliano mjini Paris ya kupambana na biashara hiyo, na mwaka 1910 yakatia saini mkataba. Waliipa jina la biashara ya watumwa weupe. Jina lenyewe linaonyesha ugonjwa uliokuwamo. Mwanamke mweusi, Mhindi au Mjapani aliyeuzwa hakuwamo katika jina hilo. Ni mwaka 1921 tu ambapo mkataba mpya, chini ya ule ushirika wa mataifa ulioundwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulizungumzia wanawake na watoto bila kutaja rangi.

Marekani ilitunga sheria yake tarehe 25 Juni 1910. Iliitwa Sheria ya Mann, kwa jina la mbunge James Mann wa Illinois. Ilifanya kuwa kosa kumsafirisha mwanamke kutoka jimbo moja hadi jingine kwa ajili ya ukahaba, ufuska, au nia nyingine yoyote ya uasherati. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoleta balaa. Ukahaba unaweza kuthibitishwa, maana kuna mlipaji na kuna mlipwaji. Lakini nia ya uasherati inapimwa kwa kipimo gani? Inapimwa kwa jicho la anayetazama.

Siku tisa baada ya sheria hiyo kupitishwa, tarehe 4 Julai 1910, bondia Jack Johnson alimtwanga James Jeffries mjini Reno, Nevada. Johnson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, taji alilolitwaa Sydney, Australia, Desemba 1908. Jeffries alitolewa kwenye ustaafu ili kulirudisha taji kwa Wazungu. Aliposhindwa, ghasia zilizuka katika miji mingi na watu wakauawa, wengi wao weusi.

Johnson hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Aliendesha magari ya kifahari, alivaa vizuri, na alikuwa na wapenzi na wake wa Kizungu wakati ambapo jambo hilo lingeweza kumfanya mtu mweusi anyongwe mtini. Ulingoni hakuna aliyemweza. Ikatafutwa njia nyingine.

Oktoba 1912 alikamatwa Chicago. Mama wa msichana aitwaye Lucille Cameron alilalamika kwamba bondia huyo amemteka binti yake. Msichana alikataa kutoa ushahidi dhidi yake. Wakamweka ndani yeye, shahidi, wakitumaini atalegea. Hakulegea. Kesi ikavunjika, na Desemba mwaka huohuo wawili hao wakafunga ndoa.

Hapo ndipo serikali ilipoonyesha ilikuwa ikitafuta nini. Badala ya kufunga jalada, wapelelezi wa idara iliyokuja kuitwa FBI walisambaa wakitafuta mwanamke mwingine yeyote kutoka maisha ya nyuma ya Johnson. Walimpata Belle Schreiber. Huyu alikuwa amefanya kazi katika Everleigh Club ya Chicago, danguro la kifahari kuliko yote ya mji huo, na aliwahi kuwa mpenzi wa Johnson. Mwaka 1910 alikuwa Pittsburgh hana kazi wala fedha. Johnson alimtumia dola 75, akasafiri kwa treni hadi Chicago, kisha akamsaidia kupanga nyumba. Waendesha mashtaka walidai nyumba hiyo ilikusudiwa kuwa danguro. Johnson alisema alikuwa akimsaidia mtu aliyekwama.

Tarehe 13 Mei 1913, juri, yaani raia 12 wanaokaa na jaji kuamua kama mtu ana hatia, ilimtia hatiani. Wote 12 walikuwa Wazungu, na walitumia chini ya saa mbili. Tarehe 4 Juni alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja pamoja na faini ya dola 1,000. Johnson alitoroka kupitia Kanada hadi Ufaransa, akaishi uhamishoni miaka saba. Taji alilipoteza Havana mwaka 1915. Julai 1920 alijisalimisha kwenye mpaka wa Mexico na Marekani, akatumikia kifungo chake, akatoka Julai 1921. Alifariki mwaka 1946. Msamaha wa Rais ulitolewa tarehe 24 Mei 2018, miaka 105 baada ya hukumu.

Sasa tazama upande wa pili. Everleigh Club ilifungwa mwaka 1911 kwa amri ya meya wa Chicago. Dada wawili waliokuwa wakiimiliki, ambao kwa zaidi ya miaka kumi waliishi kwa kuuza miili ya wanawake, akiwemo huyo Belle, waliondoka na mali zao. Walihamia New York, wakazeeka kwa raha. Aliyekula faida alistaafu. Aliyetuma nauli alifungwa.

Wala msomaji asidhani hilo lilikuwa kosa la siku moja lililoletwa na ubaguzi wa rangi peke yake. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya vijana wawili Wazungu wa California, Drew Caminetti na Maury Diggs, waliokuwa na wake zao nyumbani lakini wakasafiri na wapenzi wao kwa treni hadi Reno. Hakuna aliyeuzwa wala kulipwa. Hata hivyo mahakama ilisema sheria inawahusu, kwa sababu nia ilikuwa ya uasherati. Kuanzia hapo sheria ya kuwakamata makuwadi ikawa pia fimbo ya kuwachapa wapenzi, mahasimu na watu wasiopendwa. Maneno hayo ya uasherati yalikaa katika sheria hadi mwaka 1986, yalipoondolewa.

Kwa nini nayasema haya Kampala? Kwa sababu woga huohuo ulifika kwetu, na uliingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni sheria. Waingereza walikuwa na sheria yao ya mwaka 1885 dhidi ya ukuwadi, nayo ikaingizwa katika kanuni za adhabu za makoloni yao. Katika Kanuni ya Adhabu ya Uganda bado kimo kifungu kinachosema kwamba anayemtafuta mwanamke ili awe kahaba, ndani ya nchi au nje, au aondoke Uganda kwenda kukaa danguroni, anaweza kufungwa miaka saba. Ni kifungu kizuri kwa sura. Lakini kinafuatwa na sharti lililonakiliwa kutoka sheria ile ya 1885: mtu asitiwe hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu, mpaka upatikane ushahidi mwingine wa kuunga mkono. Mwizi wa kuku anaweza kufungwa kwa neno la jirani mmoja. Kuwadi, hapana. Walioandika sharti hilo waliamini kwamba mwanamke wa namna hiyo ni mwongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jaji wa Mahakama Kuu hapa Kampala alilikataa wazo kama hilo katika kesi za makosa ya kujamiiana, akisema linawabagua wanawake. Katika maandishi ya kifungu hiki cha ukuwadi, wazo lenyewe limebaki.

Mlango wa pili ni sisi wenyewe. Katika miaka ya 1930 na 1940, wanawake wengi wa Bukoba walivuka Ziwa Viktoria kuja Kampala na kwenda Nairobi. Wapo waliokuja kujiuza, na wapo waliorudi nyumbani wakanunua mashamba kwa fedha hizo. Wapo pia waliokimbia ndoa mbaya, na waliokuja kutafuta kazi au biashara. Viongozi wa umoja wa Wahaya hawakupoteza muda kuwatenganisha. Walidai wanawake wazuiwe kupanda meli, na waliokwisha kufika mjini warudishwe. Umoja wa Wajaluo nao uliwakamata wanawake wasio na waume katika miji ya Afrika Mashariki na kuwarudisha Nyanza kwa nguvu. Katika habari hizo sikumbuki kusoma kwamba mwenye nyumba aliyewapangisha kwa bei ya kuruka, au tajiri aliyekuwa mteja wao, alisombwa naye.

Njia ya Bukoba hadi Kampala leo inapita Mutukula. Meli imekuwa basi, lakini jicho halijabadilika. Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunalijua zaidi. Hapa Kampala Kiswahili kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na ya malaya. Dada zetu waliosoma Tanzania, Kenya au Kongo walipofungua vinywa sokoni walipewa jina kabla ya kuulizwa jina. Mwanamke anayesafiri peke yake, anayezungumza lugha ya ng'ambo na mwenye fedha yake mwenyewe ndiye anayeshukiwa kwanza. Hivyo ndivyo Johnson alivyoshukiwa. Kosa lake lilianza kwa kutokaa pale alipotakiwa kukaa.

Kuna watakaoniambia: mwalimu, hatari ni kubwa, afadhali tuwasumbue wasafiri kumi wasio na hatia kuliko kumpoteza msichana mmoja. Naielewa hoja hiyo na siidharau. Wazazi wanaoitoa ni wale ambao simu za mabinti zao zimenyamaza. Lakini inasahau jambo moja. Kuwadi hodari hafanani na kuwadi. Mwaka 2025 BBC ilirusha uchunguzi kuhusu wanawake wa Uganda waliopelekwa Dubai. Walisema waliahidiwa kazi za madukani na hotelini, na walipofika wakaambiwa wana deni kubwa la kulipa. Mtu aliyetajwa kuwa ndiye mpangaji alikana. Wasichana kama hao wanapita uwanja wa ndege wa Entebbe wakiwa na pasipoti, viza na tiketi zilizolipiwa, na majibu waliyofundishwa. Swali la nauli haliwaokoi, kwa sababu jibu limeshaandaliwa. Anayekwama ni mchuuzi wa Busia ambaye hakuandaliwa jibu lolote, maana hakudhani anahitaji.

Aidha, anayesumbuliwa bila sababu hujifunza kuogopa sare. Siku atakapomwona mtoto wa watu akiburutwa katika gesti ya mpakani, hatakwenda kuripoti. Tunapoteza macho yetu bora, maana hakuna anayeijua njia kama mwanamke anayeipita mara mbili kwa wiki. Anamjua dereva anayebeba wasichana wapya kila mwezi. Anaijua nyumba ya wageni ambayo madirisha yake hayafunguliwi.

Dawa tunayo, na imo katika sheria zetu wenyewe. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2009 inatutaka tuthibitishe mambo matatu. Kwanza, tendo: nani alimwajiri, alimsafirisha, alimhifadhi au alimpokea? Pili, njia: je, alidanganywa, alitishwa, au udhaifu wake ulitumiwa? Tatu, lengo: ni nani alikusudia kumnyonya? Adhabu inafika miaka 15, na kosa likiwa zito zaidi inafika kifungo cha maisha. Sheria hii haiulizi kama msichana ana maadili. Haiulizi kama anampenda aliyemlipia. Inauliza kuhusu ulaghai na faida. Kama mahakama ya Chicago ingeuliza hivyo mwaka 1913, wa kwanza kusimama kizimbani wangekuwa wenye Everleigh Club.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, yasiyohitaji fedha nyingi.

Mpakani, swali la nauli lipishe maswali mengine. Pasipoti yako anakaa nayo nani? Kuna mtu anakudai, na utamlipa kwa njia gani? Kazi unayokwenda kufanya, nani ameiona? Ukitaka kurudi kesho, nani atakuzuia? Maswali hayo yaulizwe faraghani na ofisa mwanamke, siyo mbele ya basi zima. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Haki hiyo haikutolewa kwa wanaume peke yao.

Mahakamani, Bunge liondoe lile sharti la shahidi wa pili katika kifungu cha ukuwadi. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyoruhusu watu kukamatwa kwa kushukiwa tu, kwa hiyo urithi wa mkoloni unagusika. Wakati tukisubiri, polisi watumie nyayo ambazo makuwadi wa leo wanaziacha: miamala ya fedha kwa simu, ujumbe, majina ya wanaolipa tiketi za watu wengi. Lakini wazifuate fedha hadi mwisho wake. Dola 75 za Johnson zilifuatwa kwenda kwa mwanamke. Za kuwadi zifuatwe zinaporudi kutoka kwake, maana huko ndiko mwenye mali aliko.

Nyumbani na shuleni, tuwe wakweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Anayemchukua msichana mara nyingi si jambazi asiyejulikana. Ni shangazi, ni jirani, ni rafiki wa kanisani au msikitini, ni dada aliyerudi na simu mpya. Serikali ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa ndani nje ya nchi mwaka 2016, kisha ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2017, na sababu ya wasichana kuondoka ilikuwa ileile kabla na baada: hapa hakuna kazi. Binti atakwenda. Kazi yetu ni kuhakikisha anakwenda akiwa na nakala ya pasipoti yake nyumbani, namba ya mtu wa kumpigia, na mkataba uliosomwa na mtu mwingine mbali na yule anayempeleka.

Na wafanyabiashara wenzangu wa mipakani nawaomba jambo moja. Mkimsikia mwanamke akiitwa malaya kwa sababu tu anasafiri, msicheke ili mpate kupita haraka. Kila kicheko kinamfundisha ofisa nani wa kumsumbua na nani wa kumwacha. Yule aliyekaa mbele kwa heshima zake, mwenye pasipoti saba za wasichana ndani ya mkoba mmoja, anakisikia kicheko hicho naye, na anafurahi.